Daktari Richard Bright, Tabibu wa Mafigo

Wasomaji wa gazeti letu wamekwisha kuzoea kusoma humu habari za wafalme, mabaharia na majemadari. Muhula huu nimeona yafaa niwaletee habari za mtu ambaye hakuongoza jeshi lolote wala hakuvumbua nchi mpya. Kazi yake ilikuwa kuzunguka vitandani mwa wagonjwa maskini, kuwatazama, kuwasikiliza, na kuandika aliyoyaona. Jina lake ni Richard Bright, Mwingereza aliyefariki dunia mwaka 1858. Watabibu wa dunia nzima wanamjua, maana kwa muda wa miaka zaidi ya mia maradhi ya mafigo yaliitwa kwa jina lake, ugonjwa wa Bright.

Nimemchagua kwa sababu moja. Yeye ni miongoni mwa watu wa kwanza walioonyesha wazi kwamba figo likiharibika moyo nao huugua, na hata ule mfuko unaouzunguka moyo huvimba na kuwaka. Katika siku zake jambo hilo lilikuwa sawa na hukumu ya kifo. Siku hizi linatibika. Napenda kueleza jinsi mambo yalivyogeuka, na kwa nini mtu ambaye hakuweza kuliponya anastahili kukumbukwa katika habari za kuponywa kwake.

Bright alizaliwa tarehe 28 Septemba, 1789, katika mji wa bandari uitwao Bristol, magharibi ya Uingereza. Baba yake alikuwa mfanyi biashara tajiri mwenye fungu katika benki, naye alipenda elimu. Mwaka 1808 kijana huyu alipelekwa Edinburgh, mji mkuu wa Uskoti, kusoma katika chuo kikuu. Hakuanza na utabibu, bali falsafa na masomo mengine ya jumla. Mwaka uliofuata ndipo alipogeukia utabibu.

Alikuwa bado mwanafunzi wa miaka 20 alipopata safari ya ajabu. Mwaka 1810 bwana mmoja mtaalamu wa mawe, Sir George Mackenzie, alifanya safari ya kuchunguza kisiwa cha Iceland, akamchukua Bright na mwanafunzi mwenzake Henry Holland. Iceland ni kisiwa cha kaskazini chenye barafu juu na moto chini, milima itokayo moshi na chemchemi zirushazo maji yachemkayo. Bright alipewa kazi ya kuangalia mimea na wanyama, na aliyoyaandika yakatiwa katika kitabu cha safari ile. Wengine huona kwamba safari kama hizo ni kupoteza wakati kwa mtu anayetaka kuwa daktari. Mimi naona kinyume. Mtu aliyejizoeza kutazama jani dogo mpaka akajua tofauti yake na la pili yake, huyo amekwisha kupata jicho la kutazamia wagonjwa.

Aliporudi aliingia Hospitali ya Guy, iliyoko London kusini ya mto Thames. Hospitali hiyo ilianzishwa mwaka 1721 kwa fedha za muuza vitabu aliyeitwa Thomas Guy, kwa ajili ya wagonjwa maskini. Bright alikaa humo kiasi cha miaka miwili akijifunza, kisha akarudi Edinburgh, na mwaka 1813 akapata shahada yake ya udaktari.

Hata baada ya kupata shahada hakutulia. Mwaka 1814 alisafiri Ulaya, akafika Vienna wakati wafalme na mawaziri wa mataifa walipokusanyika kupanga mambo baada ya vita vya Napoleon. Kutoka hapo akaingia Hungaria, akazunguka vijijini na katika mashamba ya mabwana wakubwa, akaandika juu ya kilimo, barabara, wafungwa na watu wa makabila yote aliowaona. Kitabu cha safari hiyo kilitoka mwaka 1818, na picha zake nyingi alizichora kwa mkono wake mwenyewe. Wakati wa kurudi mwaka 1815 alipita Brussels muda mfupi baada ya vita vya Waterloo, akaingia hospitali zilizojaa askari waliojeruhiwa. Baadaye akafanya kazi London katika hospitali ya wagonjwa wa homa, na homa hiyo ikampata yeye mwenyewe, akaponea chupuchupu.

Mwaka 1820 Hospitali ya Guy ilimwajiri kuwa tabibu msaidizi, na mwaka 1824 akawa tabibu kamili. Hapo ndipo alipofanya kazi yake kubwa. Katika hospitali hiyo moja, wakati huo huo, walikuwako pia Thomas Addison na Thomas Hodgkin, na kila mmoja wao jina lake limebaki katika vitabu vya utabibu kwa ugonjwa alioueleza. Ni bahati ya nadra kwa hospitali moja kuwa na watu watatu wa namna hiyo.

Desturi ya Bright ilikuwa hii. Asubuhi alipita kwa wagonjwa, akaandika dalili za kila mmoja. Mgonjwa akifa, hakuona kuwa kazi yake imekwisha. Aliingia chumba cha maiti, akapasua, akatazama kila kiungo, kisha akalinganisha aliyoyaona ndani na yale aliyoyaandika mgonjwa alipokuwa hai. Watabibu wengi wa siku hizo walitosheka na kuupa ugonjwa jina kwa jinsi ulivyoonekana kwa nje. Mtu akivimba miguu, tumbo na uso, walisema ana ugonjwa wa maji, wakamtibu kwa maji. Bright aliuliza maji hayo yametoka wapi.

Ili tufahamu jibu lake, hapana budi tukumbuke tuliyofundishwa darasani. Mtu ana mafigo mawili, kila moja kubwa kama ngumi, yako nyuma ya tumbo pande mbili za uti wa mgongo. Ndani ya kila figo mna vichujio vidogo vipatavyo milioni moja. Damu hupita humo, na kwa siku moja mafigo huchuja maji yapatayo lita 180. Karibu yote hurudishwa mwilini, na lita moja au mbili tu hutoka kuwa mkojo pamoja na takataka za mwili. Vitu vyenye manufaa, kama protini ya damu, huzuiwa visipite. Kichujio kikitoboka, kile kilichopaswa kubaki hutoka. Na kikiziba, kile kilichopaswa kutoka hubaki.

Bright alikuwa na kipimo rahisi sana. Alitia mkojo wa mgonjwa katika kijiko, akakishika juu ya mwali wa mshumaa. Mkojo wa mtu mwenye afya hauchafuki ukipashwa moto. Mkojo wa wagonjwa wake waliovimba uliganda ukawa mweupe, kama ute wa yai unavyofanya katika kikaango. Protini ya damu ilikuwa ikipotea humo. Watabibu wengine kabla yake walikwisha kuuona ute huo, lakini hawakujua chanzo chake. Bright alipowapasua wagonjwa hao baada ya kufa, alikuta mafigo yao yameharibika: mengine yamepauka na kuvimba, mengine yamesinyaa na kuwa na chembechembe juu yake. Basi akaunganisha mambo matatu yaliyokuwa yametengana: mwili uliovimba, mkojo wenye ute, na figo bovu. Rafiki yake John Bostock, aliyekuwa mjuzi wa kemia, alimsaidia kupima damu na mkojo. Habari hizo zilitoka katika kitabu cha mwaka 1827, chenye picha za rangi za viungo vilivyougua, na watu wakashangazwa na uzuri wa picha na uzito wa maneno.

Sasa nafika kwenye moyo. Moyo wetu haukai wazi kifuani. Umefunikwa na mfuko mwembamba wenye kuta mbili, na katikati ya kuta hizo mna maji kidogo, kadiri ya vijiko vichache, ya kulainisha. Moyo hupiga kiasi cha mara 100,000 kwa siku, na kila unapopiga kuta hizo huteleza bila kukwaruzana.

Mwaka 1836, katika jarida la kwanza la Hospitali ya Guy, Bright alitoa orodha ya wagonjwa 100 wa mafigo, mmoja mmoja, na yale yaliyoonekana mwilini mwa kila mmoja baada ya kufa. Orodha hiyo si hadithi ya kupendeza. Ni safu za vifo. Lakini mtu akiisoma kwa utaratibu huona jambo ambalo halionekani kwa mgonjwa mmoja. Mioyo mingi ilikuwa imekua na kuta zake zimekuwa nene, ingawa milango ya moyo haikuwa na kasoro. Na tena ngozi laini zinazofunika viungo vya ndani, ya mapafu, ya tumbo, na ule mfuko wa moyo, zilikuwa zimevimba na kuwaka kwa wagonjwa kadha wa kadha. Basi ugonjwa wa figo haukuwa wa figo peke yake.

Sababu yake twaweza kuieleza leo. Figo likishindwa kabisa, takataka ambazo zingetoka katika mkojo hujaa katika damu, nazo hufika kila mahali damu inapofika. Mfuko wa moyo hauvumilii. Huvimba, ukatoa utando mzito unaonata, na kuta zake mbili zilizokuwa laini huparara. Wanaofundisha utabibu hufananisha na vipande viwili vya mkate vilivyopakwa siagi, vikabanwa pamoja, kisha vikabanduliwa. Mgonjwa huweza kuhisi maumivu makali kifuani, yanayozidi akilala chali na kupungua akikaa na kuinamia mbele. Wengine hawahisi maumivu, na hapo hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu maji au damu huweza kujikusanya ndani ya mfuko kimyakimya, yakaubana moyo mpaka ukashindwa kujaa na kusukuma damu.

Daktari huutambua uvimbe huo pia kwa sikio. Chombo cha kusikilizia kifua kilikuwa kimebuniwa na Mfaransa Laennec mwaka 1816, na mwaka 1824 Mfaransa mwingine, Collin, alieleza sauti ya mfuko wa moyo uliovimba, mkwaruzo kama wa ngozi mpya ya kiatu. Watabibu waliokuja baadaye, walipousikia mkwaruzo huo kwa mgonjwa wa figo, waliuhesabu kuwa kengele ya mauti. Walijua kwamba zilizobaki ni siku chache tu.

Je, Bright aliwatibu vipi wagonjwa hao? Yafaa tuseme kweli: alitumia silaha za wakati wake, nazo zilikuwa butu. Wagonjwa walitolewa damu kwa kukatwa mshipa, waliumikwa, waliwekewa ruba, walipewa dawa za kuharisha na za kutoa jasho, walioshwa kwa maji ya moto. Wazo lilikuwa kwamba, ikiwa figo halitoi uchafu, basi ngozi na matumbo yaupunguze. Wazo lenyewe halikuwa la kipumbavu, maana ni kweli uchafu ulitakiwa kutolewa, lakini njia hizo hazikutosha hata kidogo. Zebaki ilikuwa dawa iliyotumiwa sana siku hizo kwa kila kiungo kinachowaka. Bright aliona kwamba wagonjwa wa mafigo huumizwa nayo kwa urahisi, akawaonya wenzake. Wengi wa wagonjwa wake walikufa, naye hakuficha jambo hilo. Aliliandika.

Mwaka 1842 alifanya jambo ambalo halikuwa na mfano. Aliiomba hospitali imtengee wodi mbili, moja ya wanaume na moja ya wanawake, vitanda 42 kwa jumla, kwa ajili ya wagonjwa wa mafigo tu, pamoja na chumba cha kupimia karibu nazo. Kwa muda wa miezi sita yeye na vijana wake waliwachunguza wagonjwa hao kwa mpango mmoja. Siku hizi hospitali kubwa zina kitengo cha mafigo, na wengi hawajui kwamba wazo hilo lilianza katika wodi hizo mbili.

Juu ya maisha ya nyumbani kwake nitasema kwa ufupi. Mwaka 1822 alimwoa Martha, binti wa mwalimu wake Daktari Babington, lakini mwaka uliofuata bibi huyo akafariki baada ya kujifungua mtoto wa kiume. Mwaka 1826 akaoa mara ya pili, akamwoa Eliza Follett, wakapata watoto. Mwaka 1837 alifanywa kuwa mmoja wa matabibu wa Malkia Victoria. Watu waliomjua walimsifu kwa upole na kwa kutojivuna. Alifariki London tarehe 16 Desemba, 1858, akiwa na umri wa miaka 69, kwa ugonjwa wa mlango wa moyo. Mtu aliyechunguza mafigo maisha yake yote aliuawa na moyo.

Alipokufa, mgonjwa aliyevimba mfuko wa moyo kwa sababu ya figo hakuwa na tumaini zaidi ya yule wa mwaka 1827. Ilibidi kungoja zaidi ya miaka 80. Huko Uholanzi, mwaka 1938, daktari kijana aliyeitwa Willem Kolff alimwona kijana wa miaka 22 akifa pole pole kwa kushindwa mafigo, akafikiri kwamba, kama ingewezekana kuitoa sehemu tu ya takataka ile kila siku, kijana angeishi. Nchi yake ikatekwa na Wajerumani katika vita kuu ya pili, naye akiwa katika mji mdogo wa Kampen akaunda mashine kwa vitu alivyoviokota huku na huku. Alichukua neli ya karatasi nyembamba ya selofani, ile ya kufungia soseji, akaizungusha juu ya pipa la vipande vya mbao, likazunguka ndani ya beseni lenye maji ya chumvi. Damu ya mgonjwa ilipita ndani ya neli, na uchafu ukapenya kutoka ukaingia katika maji. Alianza mwaka 1943. Wagonjwa wake wa kwanza karibu wote walikufa. Mwaka 1945 bibi mmoja wa miaka 67 aliyekuwa amezimia akaamka, akapona.

Hata hivyo mashine ile iliwafaa waliohitaji msaada wa siku chache tu, kwa sababu kila mara ilibidi mshipa mpya ukatwe, na mishipa ina mwisho. Mwaka 1960 Daktari Belding Scribner wa Seattle, Marekani, alifunga neli ya kudumu mkononi mwa mgonjwa, iliyounganisha mshipa upelekao damu na mshipa uirudishao, ikafunguliwa kila siku ya kusafishwa. Mgonjwa wake wa kwanza, aliyekuwa karibu kufa, aliishi miaka 11 zaidi. Hapo kengele ya mauti ilianza kunyamaza, kwa maana mfuko wa moyo uliovimba kwa uchafu wa damu hutulia damu ikisafishwa.

Hapa nitaeleza habari ya ukoo wetu, maana ndiyo iliyonifanya nitafute vitabu juu ya Bright. Mjomba wangu ni fundi cherehani. Shinikizo la damu lilimharibu mafigo, na tangu mwaka 2022 husafishwa damu mara tatu kwa juma, saa nne kila mara, katika hospitali iliyo mbali na kijiji chao. Ili aliwahi basi la mwisho, alikuwa akiwaomba wauguzi wamfungue mashine kabla ya saa nne kutimia. Katika masika ya mwaka 2024 mvua ilikata barabara, akakosa kusafishwa mara mbili mfululizo. Mama yangu alipofika kumtazama alimkuta ameketi usiku kucha, kifua amekilaza juu ya meza ya cherehani, kwa sababu akilala chali maumivu yanamzidi. Mjomba alidhani ni kichomi. Alikuwa amekwisha kuchoka na safari, akamwambia dada yake kwamba afadhali aachwe nyumbani, fedha za nauli zisomeshe watoto.

Mama hakukubali. Alimpakia katika lori la mchanga, wakavuka, wakafika hospitali. Daktari aliweka chombo kifuani akausikia mkwaruzo ule ule. Kipimo cha ultrasaundi kikaonyesha maji yamezunguka moyo, lakini hayajaubana. Kipimo cha umeme wa moyo hakikuonyesha kitu kikubwa, na daktari alimweleza mama kwamba kwa wagonjwa wa figo ndivyo ilivyo mara nyingi, hivyo kipimo hicho kisimdanganye mtu.

Matibabu aliyoyapata ndiyo yanayotumiwa penye mashine. Kwanza, badala ya mara tatu kwa juma, alisafishwa damu karibu kila siku kwa muda wa majuma mawili. Pili, katika siku za kawaida mashine hutiwa dawa iitwayo heparini ili damu isigande ndani ya neli. Kwake iliachwa, kwa kuwa mfuko uliovimba hutoa damu kwa urahisi, na damu ikimwagika humo moyo hubanwa. Tatu, walikuwa waangalifu wasimtoe maji mengi kwa mara moja, maana mgonjwa mwenye maji katika mfuko wa moyo huweza kushukiwa na presha ghafula. Nne, hakupewa ovyo vidonge vya maumivu vinavyouzwa madukani, kwa sababu vingi vyake huumiza tumbo na kumalizia nguvu kidogo iliyobaki katika mafigo. Na walikuwa tayari, kama moyo ungebanwa, kuingiza sindano ndefu katika mfuko na kuyavuta maji, au kumpeleka kwa daktari wa upasuaji afungue kidirisha kidogo katika mfuko ili maji yapate njia. Hayo hayakuhitajika. Siku ya kumi mkwaruzo haukusikika tena, na mjomba akalala chali.

Wagonjwa ambao hawajaanza kusafishwa damu hupona mara nyingi zaidi wakianzishiwa matibabu hayo. Wale ambao wamekwisha kuzoea mashine, kisha mfuko ukavimba, huwa wagumu zaidi, na daktari hutafuta kama wanasafishwa kwa kutosha au kama kuna ugonjwa mwingine. Kwa mjomba jibu lilikuwa wazi. Dakika alizozipunguza kwa ajili ya basi zilikuwa zikijumlika katika damu yake. Sasa amehamia mjini kwa shangazi, amechukua na cherehani yake, naye hukaa kwenye mashine mpaka saa nne zitimie.

Nilipokuwa nikisoma habari za Bright nilijiuliza ni faida gani waliipata wale watu 100 wa orodha yake. Wao wenyewe hawakupata faida. Lakini kama asingewaandika mmoja mmoja, wala asingefungua vifua vyao baada ya kufungua mafigo, watabibu wangeendelea kuutibu moyo kama moyo na miguu kama miguu, na yule daktari aliyemsikiliza mjomba wangu asingejua kwamba dawa ya kifua kile iko katika mashine ya kusafishia damu. Kolff na Scribner walipata njia ya kuondoa uchafu. Bright ndiye aliyeonyesha kwamba chanzo cha maovu yote yale ni figo.

Liko pia jambo la kutufaa sisi tulio shuleni. Kipimo cha kijiko na mshumaa hakitumiki tena. Mahali pake pamechukuliwa na kijikaratasi kinachochovywa katika mkojo na kubadili rangi kwa dakika moja au mbili, lakini kinachotafutwa ni kile kile, protini iliyotoroka. Hupatikana katika zahanati nyingi. Mwenzetu akiamka asubuhi na kope zimevimba, au miguu ikibonyea alama ya kidole isiyorudi upesi, au mkojo ukitoka na povu lisiloisha au damu, asingoje likizo. Aende akapimwe. Mzazi mwenye shinikizo la damu au kisukari tumhimize apimwe mkojo na damu kila mwaka, ingawa haumwi, kwa kuwa mafigo hayapigi kelele mapema. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa ugonjwa huu ni ghali mno.

Na aliye na ndugu anayekwenda kwenye mashine amsaidie asikose hata mara moja, wala asifunguliwe kabla ya wakati. Huo ni msaada ambao Daktari Bright, pamoja na elimu yake yote, hakuwa nao wa kumpa mgonjwa hata mmoja.